Zilipendwa: Diwani Isiyo na Majina ya Watunzi

Kanda ya kwanza ya muziki niliyoifahamu maishani ilikuwa na neno moja tu mgongoni: MCHANGANYIKO. Mjomba aliliandika kwa wino wa buluu, kwa herufi kubwa, kisha akaongeza tarakimu mbili za mwaka, 86. Hakuandika jina la wimbo, wala la mwimbaji, wala la bendi. Kanda ile ilikaa dukani kwake, nje kidogo ya mji wa Singida, ndani ya redio kaseti iliyowekwa rafuni baina ya sabuni za mche na viberiti. Watu walikuja kununua mafuta ya taa wakabaki nusu saa nzima, mpaka upande wa kanda uishe. Betri zilipochoka, mjomba alizianika juani juu ya jiwe, na Singida mawe hayajapata kuadimika, kisha akazirudisha zikaimba tena kwa muda. Kanda ilipotakiwa kurudi mwanzo, hakupoteza nguvu ya betri: alitia kalamu ya biro katika tundu lake akaizungusha kwa mkono.

Nyumbani tulisema Kinyaturu. Kiswahili nilikuwa nacho cha shule: cha kuhesabu, cha kuamkia walimu, cha kuimba mchakamchaka alfajiri. Kiswahili cha kulalama, cha kubembeleza, cha kusuta na cha kuomba radhi nilikipata katika kanda ile. Neno “hiba” nililikuta kwanza kama jina la wimbo wa Mlimani Park, kabla sijajua kwamba ni zawadi itolewayo kwa mapenzi bila kudai malipo. Kwa hiyo nikisema kwamba nyimbo za dansi za katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa diwani yangu ya kwanza ya ushairi, sisemi kwa kutia chumvi. Ndizo zilizonifundisha kwamba lugha hii ina vyumba vya ndani.

Nimeikumbuka kanda hiyo kwa sababu mikusanyiko ya nyimbo za wakati ule imekuwa mingi siku hizi: iko katika santuri zinazotolewa upya Ulaya, iko katika intaneti, iko katika simu za madereva wa mabasi. Wengi huijadili mikusanyiko hiyo kwa upande wa magitaa na tarumbeta. Mimi napenda kuijadili kwa upande wetu sisi wapenzi wa lugha, na nitaanza na jina lenyewe tunaloiita.

Tunasema “zilipendwa”. Tukilichambua neno hili tunapata kiambishi cha ngeli, zi-, kinachowakilisha nyimbo, -li- ya wakati uliopita, mzizi -pend-, -w- ya kutendwa, na kiishio. Kisarufi hiyo ni sentensi kamili: nyimbo zilipendwa, habari imekwisha. Aliyetaka kuzieleza nyimbo hizo kwa kirejeshi angesema “zilizopendwa”, na ndivyo wasemavyo ndugu zetu wa Kenya mpaka leo. Sisi wa Tanzania tuliiacha -zo- njiani, tukaichukua sentensi nzima tukaigeuza jina. Si ajabu katika Kiswahili. “Shikamoo” nayo ilikuwa sentensi kabla haijawa salamu, na wapo watu walioitwa Sikujua na Sikudhani, wakazikwa kwa majina hayo kwa heshima zote. Neno likishakuwa jina hupata maisha yake. Leo mtu aliyepitwa na wakati anaweza kutaniwa kwamba “huyo ni zilipendwa”, na mwaka 2017 vijana wa WCB Wasafi walitoa wimbo wenye jina hilohilo.

Lakini tazama mambo mawili yaliyomo ndani ya neno. La kwanza ni -li-: inadai kwamba mapenzi yamekwisha, nasi tunalitamka neno hilo kwa furaha huku tukiucheza wimbo ambao bado tunaupenda. Hilo ni kosa dogo na la kuchekesha. La pili ni -w-. Kauli ya kutendwa hutupa ruhusa ya kumficha mtenda. Zilipendwa na nani? Zilitungwa na nani? Sarufi haitulazimishi kujibu. Naona historia nzima ya mikusanyiko ya nyimbo hizi imekaa ndani ya herufi hiyo moja.

Tuitazame historia yenyewe. Huko Uingereza, mwishoni mwa mwaka 1983, kampuni za muziki zilianzisha mfululizo wa santuri za “Now That's What I Call Music”: kila baada ya miezi kadhaa nyimbo zilizovuma zilikusanywa katika albamu moja, zikauzwa kwa mamilioni. Tanzania Bara ya miaka hiyo haikuweza kufanya hivyo. Santuri nyingi za Kiswahili za kanda hii zilikuwa zikichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Shirika letu la filamu, Tanzania Film Company, lilijaribu kuingia katika biashara ya santuri, lakini halikufikia mahali pa kuilisha nchi nzima. Muziki ulistawi bila kuwa na duka.

Mahali pake palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio pamoja na vyombo vyake, ikapiga kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wimbo ukabaki kwenye utepe mpana katika maktaba ya redio. Kutoka hapo ulirushwa hewani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na redio nyingine Tanzania Bara, hivyo wimbo uliopigwa Dar es Salaam ulisikika Singida, Kigoma na Songea kwa siku moja. Sisi wa bara ya kati tuliusikia kwa mawimbi yaliyokuja na kwenda, hasa usiku, sauti ikivimba na kunywea kama mtu asemaye huku upepo unavuma. Lakini mashairi yalifika.

Na ni mashairi ya namna gani! Wimbo wa dansi wa wakati ule ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikwenda taratibu: mtunzi alieleza kisa chake beti kwa beti, kukiwa na kiitikio katikati. Ya pili, ambayo wanamuziki waliiita chemko, iliharakisha mwendo, magitaa yakajibizana, wachezaji wakapata walichokijia. Wimbo mzima ulichukua dakika sita, saba, pengine tisa. Katika sehemu ya kwanza ndimo walimokaa malenga. Humo alikuwamo Cosmas Chidumule na “Neema” yake, akiwa Mlimani Park. Alikuwamo Marijani Rajab, Jabali la Muziki, aliyemwimbia “Zuwena” akiwa na Dar International. Alikuwamo Hemed Maneti wa Vijana Jazz na “Mary Maria”. Alikuwamo Remmy Ongala wa Super Matimila, aliyelisemesha jina la mnyonge hadharani. Na alikuwamo Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye maisha yake peke yake ni ramani ya enzi hiyo: NUTA Jazz tangu mwaka 1964, Mlimani Park mwaka 1978, Safari Sound mwaka 1985, kisha akarejea Msondo.

Kwa nini basi majina haya hayakuandikwa kwenye kanda ya mjomba? Sababu ya kwanza ni jinsi bendi zilivyokuwa zimepangwa. Nyingi zilimilikiwa na taasisi. JUWATA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi. Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Mlimani Park iliingia chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Bima ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Tancut Almasi ya Iringa ilibeba jina la kampuni ya kukata almasi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa alilopiga lilikuwa mali ya mwajiri. Mashabiki nao waligawanyika kwa mitindo kama wagawanyikavyo kwa timu za mpira: huyu Sikinde, yule Msondo, mwingine Ndekule, mwingine Pamba Moto. Wimbo ulipotoka ulikuwa “wa Sikinde” au “wa Msondo”. Mtunzi alimezwa na mtindo.

Sababu ya pili ni kanda yenyewe. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Baada ya miaka ya foleni na rafu tupu, madukani kwetu zilianza kuonekana redio kaseti na kanda zisizorekodiwa. Hapo ndipo Watanzania walipoanza kutengeneza mikusanyiko yao wenyewe. Hakukuwa na kampuni wala kava la rangi. Palikuwa na kijana aliyekaa karibu na redio, kidole juu ya kitufe, akingoja mtangazaji amalize salamu za wasikilizaji. Mara nyingi kitufe kilibonyezwa baada ya mtangazaji kutaja jina la wimbo na watunzi wake. Kwa hiyo jina lilianguka nje ya kanda, na muziki ukaingia ndani.

Kisha ikaja hesabu ya dakika. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Nyimbo nne za dakika saba huchukua dakika 28. Zinabaki dakika mbili, na mjomba hakuwa mtu wa kuacha dakika mbili zipotee. Aliuweka wimbo wa tano. Ukaanza, tarumbeta zikaingia, mwimbaji akatoa ubeti wa kwanza, akachukua pumzi ya kuanza wa pili, na hapo kanda ikagota.

Wimbo wa tano wa upande wa pili niliukariri hivyo, ukiwa na ubeti mmoja. Mwanamume alikuwa akimlalamikia mkewe aliyeondoka. Kwa ubeti ule mmoja nilimhurumia mwanamume yule miaka mingi, na mke nikamhukumu bila kumsikiliza. Nilikuwa mtu mzima, nimehamia Dar es Salaam, nilipousikia wimbo huo kamili, usiku mmoja katika baa iliyokuwa ikipiga muziki wa zamani. Katika ubeti wa tatu mwanamume yule anakiri makosa yake. Malalamiko yote ya ubeti wa kwanza yalikuwa mtego wa mtunzi: alitutaka tumwamini msemaji, kisha tuone haya pamoja naye. Niliinuka nikamfuata mzee aliyekuwa akipiga muziki.

“Shikamoo, mzee. Wimbo huu ni wa nani?”

Akaniitikia, akanitajia bendi.

“Na aliyeutunga ni nani?”

Akanitazama kwa mshangao, akanitajia bendi tena.

Sikumlaumu, na simlaumu leo. Lakini nilirudi kwenye kiti changu nikifikiri kwamba miaka yote nilikuwa nimebeba nusu ya shairi nikidhani ni shairi, na kwamba hata nilipolipata zima sikuweza kumshukuru mwenyewe. Katika ushairi wetu wa jadi mtunzi hujitaja katika kaditama, wakati mwingine pamoja na mji wake na mwaka. Waliotunga nyimbo za dansi hawakuwa na kaditama. Waliachia kava la santuri kazi hiyo, na kava halikuwapo.

Mikusanyiko yenye kava ilikuja baadaye, na mingi ilitoka mbali. Lebo za Nairobi kama Ahadi zilitoa santuri za baadhi ya bendi hizi. Mwaka 1988 nyimbo za Remmy Ongala zilizokwisha kurekodiwa huku nyumbani zilikusanywa Uingereza katika albamu ya “Nalilia Mwana”. Katikati ya miaka ya 1990 lebo ya Africassette ya Detroit, Marekani, ilitoa albamu ya Mlimani Park iitwayo “Sikinde”, na mkusanyiko wa bendi mbalimbali ulioitwa “Muziki wa Dansi”. Mwaka 2009 Buda Musique ya Paris, katika mfululizo wake wa “Zanzibara”, ilitoa juzuu la tano lenye nyimbo za Dar es Salaam za miaka ya 1978 hadi 1983. Redio Tanzania nayo ilikuja kuuza kanda za nyimbo kutoka maktaba yake.

Wapo wanaonung'unika kwamba wageni wametuchukulia muziki wetu. Manung'uniko hayo yana haki yake katika suala la malipo; sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA, vilikuja wakati nyimbo hizi zilikuwa zimekwisha kuzunguka dunia. Lakini tuwe wakweli. Ukifungua mikusanyiko hiyo ya nje mara nyingi unakuta kijitabu chenye historia ya bendi, nani alipiga nini, nani alihamia wapi. Mtu wa Detroit au Paris aliona ni wajibu wake kuuliza. Kilichompita, na kilichokuwa lazima kimpite, ni neno. Msikilizaji asiyejua Kiswahili huchaguliwa wimbo kwa uzuri wa gitaa na kwa chemko. Wimbo wenye kisa kirefu, wenye ubeti wa tatu unaopindua ubeti wa kwanza, hauna wa kuutetea mbele yake. Utetezi huo ni kazi yetu, na hatujaufanya.

Tumewahi kuufanya zamani. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa ya papo kwa hapo: ya kujibizana, ya siasa za mji, ya mapenzi, ya utani. Watu waliyashika kwa vichwa, kama sisi tulivyozishika nyimbo za dansi. Miongo minne baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, yule mwenye jina ambalo ni sentensi, alishirikiana na mmishenari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi hayo kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka. Mwalimu Sikujua alieleza maneno magumu na mazingira ya kila shairi. Mwaka 1940, karne moja baada ya mshairi kuzikwa, W. Hichens akalichapisha diwani lake. Leo hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyelijua jina la Muyaka. Tungekuwa na nini mikononi kama Mwalimu Sikujua angesema kwamba hizo ni tungo za Mombasa tu, yatosha?

Sasa hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Kutoka mwaka 1985 hadi leo imepita miongo minne. Tumesimama mahali palepale aliposimama Mwalimu Sikujua: tungo zimo vichwani, baadhi ya walioziona zikizaliwa wangali hai, na mlango unafungwa. Hemed Maneti alituacha mwaka 1990, Marijani Rajab mwaka 1995, Remmy Ongala mwaka 2010, Gurumo mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017, King Kiki mwaka 2024. Kila mmoja alipoondoka redio zilipiga nyimbo zake siku tatu, kisha kimya. Na mikusanyiko ya leo, ile michanganyiko ya mtandaoni ambamo nyimbo arobaini hupigwa kwa saa moja, inakata kuliko kanda ya mjomba. Hukata sehemu ya taratibu ili ifike haraka kwenye chemko. Mjomba alikata kwa sababu ya uchache wa dakika; sisi tunakata tukiwa na dakika zisizo na mwisho.

Sipendekezi jambo kubwa. Sisi tunaoandika na kusoma ushairi tunajua kuandika beti, kutambua vina pale vilipo na kukubali pale visipokuwapo. Kila mmoja wetu achague wimbo mmoja wa miaka ile. Ausikilize mzima, aandike maneno yake yote katika daftari, ubeti wa mwisho ukiwamo. Amtafute aliyeupiga au aliyekuwapo ukipigwa, amwulize: nani alitunga, mwaka gani, kwa kisa gani, neno hili maana yake nini? Aandike jina la mtunzi juu ya shairi, mahali pake panapostahili. Wimbo mmoja kwa mtu mmoja. Watu mia tukifanya hivyo tuna diwani, na ndani yake ile -w- itakuwa imejibiwa.

Kanda ya mjomba ninayo mimi sasa. Mjomba mwenyewe amelala Singida. Utepe wake umejikunja na hauimbi tena hata ukianikwa. Lakini nyimbo nane kati ya kumi zilizomo nimekwisha kuzitambua, na majina ya watunzi wake nimeyaandika kwa biro, kwa wino wa buluu uleule, kwenye karatasi niliyoikunja ndani ya kasha lake. Mistari miwili ya mwisho bado iko wazi. Mmoja ni wa mwanamume yule wa ubeti wa tatu. Naendelea kuuliza.

Na kwa kuwa hapa ni barazani kwa washairi, naacha ubeti mmoja wenye kaditama ya wote:

Vibao vilipendeza, nani aliyevitunga?
Majina tukipoteza, malenga tunawatenga,
Wazee kuwauliza, ni vyema tukajipanga,
Kanda zikishanyamaza, kitabu kitavilonga.